Gololi ya Beringi

Kitengela

Kwa Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na mguu wa mama yetu, Mwaitu, usiwe umeanza tena kumsumbua kwa baridi hii. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka.

Niliposoma katika barua yako kwamba umeacha kuipigia kwaya gitaa na unakaa benchi la nyuma, eti masikio yamezeeka, chakula kilinishinda. Tafadhali usimwambie mtu mwingine maneno hayo kabla hujamaliza barua hii.

Unakumbuka Desemba ulipoleta gitaa lako hapa karakana. Tajiri wangu alitumbukiza gololi ya chuma ndani, nami nikaweka kile kipimo cha sumaku juu ya ubao wa mbele, kwa nje. Ubao ukiwa mwembamba, sumaku na gololi huvutana kwa nguvu na namba huwa ndogo. Nikasoma: milimita moja na nusu.

"Mzee, hii mbao imeisha," akakuambia. "Siku moja itapasuka ukiwa mbele ya watu."

Ulinitazama mimi, si yeye. Nikatikisa kichwa kukubali. Ukamwachia ubao wako, akakuwekea wa plaiwudi, ukarudi nao Kitui.

Wiki iliyopita nilitumwa Kajiado kubadilisha nyuzi za gitaa tuliloliuzia kanisa moja. Chini ya tundu nikaona alama ya kuungua ya ubao wako, pale Mwaitu alipoangusha koroboi. Nikapiga. Baba, ilikuwa sauti ya nyumbani kwetu, ile niliyolala nikiisikia tangu utotoni. Katika sanduku la kipimo nililobeba kulikuwa na gololi yake halisi, ambayo tajiri huwa haitumii. Nikapima. Karibu tatu! Ubao mkavu haunenepi kama ng'ombe aliyeonja mvua.

Kurudi, nikaziweka gololi mbili mezani. Ya tajiri ni kubwa, ameitoa kwa beringi ya lori. Kubwa huvutwa zaidi, kwa hivyo kila gitaa la mteja huonekana limekwisha. Nilipomuuliza, hakuona hata haya.

"Wewe soma namba, hiyo ingine wachia mimi. Kwani hao watu wa kwaya wanajua tofauti?"

Akaendelea kutafuna mahindi yake. Hata harufu ya gundi ya mle ndani sasa inanitia kinyaa. Lakini ninayemchukia zaidi ni mimi, maana aliyekusomea namba ile si yeye.

Kazi nimeiacha. Watu wa Kajiado nimewaeleza, wakasema walinunua kihalali na hawawezi kulibandua gitaa lao.

Mwezi huu nikija nitabeba mbao tatu. Utazigonga mwenyewe usikilize mlio, uchague moja. Kipimo sitaleta. Masikio yako hayana ugonjwa, Baba. Yalikuwa yanakuambia kwamba gitaa ndilo lililoharibika, ukweli ambao namba yangu ilikuficha.

Nisalimie Mwaitu, na nyanya yetu Susu aniombee. Dada Mwikali anayeongoza kwaya mwambie kiti chako asimpe mtu.

Mwanao,
Musyoka