Wimbo wa Farasi Kule Goweko

Kalunde, mpagazi wangu,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima, hofu ni kwa anayeandikiwa. Leo nageuza. Wewe huna tena kinachokuuma. Mimi ndiye sijatulia tangu tulipokuzika mpaka asubuhi hii ninapoandika hapa saluni, nimekaa kwenye kochi la wateja, na mama mmoja yuko chini ya draya anasinzia. Nimeshanyanyuka mara kadhaa kwenda kumgusa rola kama zimekauka. Najua hazijakauka. Naenda tu.

Nikupe kwanza habari za hapa. Saluni ipo, hapa Tabora, Chemchem pale pale, mlango wa bluu. Kioo chenye ufa ulichosema tutakibadilisha sijakibadilisha. Wateja wako wengine wamehama, wengine wanakuja kwa kunionea huruma na wanakaa wima kama wako kanisani. Wiki ile ya msiba nilisuka mtindo wa twende kilioni tu. Ndugu zako wote walitaka kichwa chepesi cha kwenda kukuzika, na nani mwingine angewasuka? Sabufa iko kimya. Nikiiwekea redio naizima palepale, nikishaizima masikio yanawasha, naiwasha tena.

Nakumbuka ilivyokuja hiyo sabufa. Uliinunua ya mtumba sokoni kwa mtu aliyeteremka na mizigo kutoka Dar, ukaibeba kichwani mpaka hapa. Nikakuchokoza kwamba Mnyamwezi hata umpe lori atabeba kichwani. Ukanijibu kwamba Mzaramo hata umpe msiba atauliza ngoma inaanza saa ngapi. Kwa nyuma ilikuwa imechomekwa flashi, mwenyewe kaisahau. Ukasema tusikilize kwanza kilichomo ndipo tufute.

Ikaja kwaya. Kwaya kubwa, na kinanda cha kanisani, sauti zote nne zimejipanga. Wewe ukashusha kitana na kuinamisha kichwa. Mteja wetu, mke wa mwinjilisti wa Moravian, akafumba macho. Mimi Mwislamu nikanyamaza kwa heshima. Halafu zikaingia ngoma.

Uso wa yule mama sitausahau! Ngoma zilikuja mbio, magitaa mawili yanafukuzana, na juu yao mwanamume anaimba kwa sauti ya juu kuliko mwanamke yeyote wa kwaya yenu. Nikasema zima, hawa wamechanganyikiwa. Ukaninyooshea mkono. "Acha, Mzaramo. Acha kidogo." Hicho kidogo kikawa albamu nzima. Mke wa mwinjilisti alivumilia mpaka wimbo wa tatu, akasema amekumbuka maharage jikoni, akaondoka na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

Tangu hapo hatukuwa watu wa kawaida. Nyimbo hazikuwa na majina, ni namba tu, tukazibatiza wenyewe. Wimbo wa Farasi, kwa ajili ya zile ngoma zinazokwenda kama kwato. Wimbo wa Mlima. Wa Kulia, ule wenye piano peke yake, ambao ulinikataza kuusikiliza nikiwa nimeshika mkasi. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa anakuja kuweka dawa ya nywele ndiye aliyetuambia kwamba muziki huo huitwa power metal. Wewe ukautangaza mtaa mzima, "pawa meto, pawa meto," mpaka muuza vitumbua akawa anakuita Mama Pawa. Ukamng'ang'ania mwalimu atutafsirie. Akasema wanaimba habari za wafalme na panga na majoka, na watu wanaotembea mbali mno kuitafuta bahari. Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Hawa ni wapagazi, Tatu," ulisema. "Hawa ni babu zangu."

Ukanieleza uliyoambiwa na bibi yako, kwamba babu wa babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani. Kwamba enzi hizo kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume mpaka aende akaione bahari. Kwamba mbele ya msafara alitangulia kiongozi amejipamba manyoya, anaimba kwa sauti ya juu, na nyuma wote wanaitikia. "Mzigo ukiwa mzito huimbi habari za mzigo. Unaimba mambo makubwa." Nikakwambia ni kweli kabisa, na mwisho wa safari mlikuja kutushushia mizigo sisi Wazaramo, ndiyo maana mpaka leo nyinyi ni wapagazi wetu. Ulinirushia taulo lenye dawa. Utani huu mimi na wewe hatukuuanzisha, ulianzia huko huko njiani kwa babu zetu, sisi tuliukuta tu tukautumia mpaka ukachakaa.

Lakini bahari yenyewe hukuiona. Ulisema utapanda treni na flashi yako, usikilize albamu kuanzia stesheni ya kwenu Goweko hadi mwisho wa reli. Kila mwaka ulisema baada ya mavuno.

Halafu kile kichwa. Ulisema kinakugonga, ukaniomba chai ya tangawizi, ukajinyoosha hapa hapa nilipokaa. Nilirudi na kikombe. Hapo sitaki kuandika zaidi.

Ngoja nimwangalie huyu wa draya.

Hazijakauka. Tuendelee. Tulikuzika Goweko, na kazi ikanishinda huko. Wewe unajua kazi ya mtani. Wote wakilia, mtani halii. Mtani anavaa nguo ya marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anataja ubishi wake na uchoyo wake wa sukari, mpaka wenye msiba wacheke bila kupenda, na wakishacheka ndipo chakula kinapita kooni. Mama yako alikuwa hajala kitu. Shangazi yako akanipa kitenge chako cha njano, akasema, "Haya, Mzaramo, kazi kwako." Nikajifunga. Nikasimama katikati ya uwanja, macho yote kwangu. Nikafungua kinywa nikuigize unavyoimba, kikatoka kilio. Nililia mpaka ndugu zako wakanibeba kunipeleka ndani, mikono na miguu, na mama yako akaachwa pale alipokuwa, na sahani yake imefunikwa.

Shangazi alisema, wala si kwa ubaya, "Sasa mtani akilia, sisi atatunyamazisha nani?"

Nimeshinda na swali hilo wiki zote hizi, kwa sababu habari zilikuwa zinanifikia. Mama anakunywa uji kidogo tu. Mama hasemi na mtu. Mama amekonda. Nikaapa kwamba siku ya kuanua tanga nitaifanya kazi yangu, na nilishapanga vizuri. Nitakwenda na sabufa, nitachomeka flashi, nitauweka Wimbo wa Farasi, na wewe nikuigize juu yake.

Flashi hakuna! Kalunde, nimepekua saluni mpaka imebaki kuta. Nimemwaga droo za rola, nimechana mto wa kochi, nimezinyonyoa rasta moja moja kutoka kwenye mfuko. Nimelala kifudifudi kumulika chini ya sinki. Nikaenda stendi kwa yule anayeingiza nyimbo kwenye simu, na kwa kuwa jina la bendi hatukulijua, nikamwimbia. Stendi, mbele za watu. Alinisikiliza kwa makini, akaniwekea kwaya ya Kikongo. Nikamwambia siyo, huu una ngoma za mbio. Akaniwekea singeli. Nikampigia mwalimu wetu, ambaye siku hizi amehamia Nzega. Akasema bendi za namna hiyo zimejaa huko nchi za baridi, na zote zina wafalme na majoka. Akanitumia albamu moja. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Nilisikiliza wimbo mmoja na nusu nikaifunga simu.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nyimbo zetu zilianza kunitoka. Naosha taulo huku naimba, nafika katikati ya Wimbo wa Mlima, napotea. Kesho yake napotea mapema zaidi. Nikawa natembea kutoka Chemchem hadi stesheni na kurudi, sina safari, natafuta tu kipande kilichopotea, midomo inacheza. Watu walidhani nimerogwa. Nilikuwa nimekukosea mara moja mbele ya mama yako, na sasa nilikuwa nakaribia kukukosea mara ya pili.

Jumamosi ya kuanua tanga ikafika. Nikashuka Goweko mikono mitupu. Katekista alikuwa ameshasalisha, watu wako kwenye mikeka, masufuria yameinjikwa. Mama yako ameegemea ukuta, mifupa ya mabega imetoka, na pindo la kanga kalikunja ndani ya ngumi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba akiangalia pembeni. Shangazi akaniletea kitenge kile kile cha njano.

Nikajifunga. Taulo kichwani unavyofunga wewe, kitana mkononi. Nikaanza na mwendo wako, ule wa kutanguliza tumbo. Nikauliza kwa sauti yako ni nani amemaliza sukari yangu. Mtu mmoja akaguna. Nikasema, "Acha, Mzaramo. Acha kidogo." Kisha nikauanza Wimbo wa Farasi, ngoma nikipiga kwa miguu mpaka vumbi likapanda, na yale maneno yako ambayo si Kiingereza wala Kinyamwezi. Nilijua pale juu panakuja. Pale anapopanda yule mwanamume, na wewe ukipanda naye sauti inapasuka, ndiyo maana kwenye kwaya ya kigango walikuhamishia sauti ya pili ukanuna mwezi mzima. Nikavuta pumzi, nikapanda. Nikafika. Sauti safi kabisa, haina mkwaruzo.

Hakuna aliyecheka. Watoto wananishangaa, wazee wanaangalia mikeka. Nikajua kilio kile kile kinarudi, nikatafuta mlango uko wapi ili nikimbilie ndani kwa miguu yangu mwenyewe.

"Siyo hivyo."

Ilikuwa sauti ya mama yako, pale ukutani. "Siyo hivyo," akarudia. "Mwanangu pale alikuwa anapasuka."

Na Kalunde, mama yako huyo huyo, ambaye kila alipokuja Tabora na kulala chumba chako nyuma ya saluni alitugongea ukuta kwa mwiko tuzime kelele za wendawazimu, alifungua kinywa akapanda. Akapanda mpaka pale pale, akapasuka pale pale, na ule mkwaruzo wako mwishoni akauweka. Wala hakuishia hapo. Akateremka na kiitikio chote, akaingia kile kipande cha magitaa, ti-ri-ri-ri, ambacho mimi nilishakipoteza. Alikuwa nao wote! Miaka yote hiyo alikuwa anasikiliza!

Wa kwanza kuanguka alikuwa shangazi yako. Akafuata katekista, kajiziba mdomo kwa kofia. Kisha uwanja mzima. Mama yako mwenyewe ameshika mbavu, machozi yanamwagika, anasema, "Alikuwa hawezi! Jamani, mwanangu alikuwa hawezi kabisa!" Nikacheka nikiwa ndani ya kitenge chako mpaka nikakaa chini. Tukaurudia. Wazee wakaokota ngoma kwa kupiga mapaja, akina mama wakaitikia, na pale juu tuliachiwa mimi na mama, yeye akipasuka, mimi nikijifunza kupasuka. Mpaka leo koo linaniuma.

Akaomba ugali. Akala na mlenda, akaongezewa, akala tena, akanisema kwamba Wazaramo hatujui kukata tonge.

Alipomaliza kunawa alilifungua pindo la kanga kwa meno. Ndani mlikuwa na flashi yetu. Aliichomoa siku alipokuja saluni kuchukua nguo za kukuvika. Aliniambia, "Sina hata pa kuichomeka. Niliishika tu. Niliogopa mtaingiza nyimbo nyingine." Nikamshika mkono wenye flashi, naye akaiachia kiganjani mwangu.

Basi sasa ujue kinachonifanya leo nisikae. Ni safari. Mama yako anataka kuiona bahari. Anasema babu aliiona, wewe ulitaka, na yeye hataki kufa akisimuliwa. Treni yetu ni Alhamisi. Nimempigia dada yangu Kisarawe atutandikie. Nimenunua redio ndogo yenye tundu la flashi, nimeijaribu hapa saluni, na huyu mama wa draya ndiye aliyepitiwa na usingizi katikati ya Wimbo wa Mlima, fikiria! Mimi nitapandia hapa Tabora, lakini sitabonyeza kitu mpaka Goweko, kama ulivyosema wewe. Nakuahidi albamu yote itapigwa njia nzima, na pale juu hatutaparuka.

Mama atakuja na ndoo ya asali, karanga, viazi vitamu, pengine na jogoo, nawajua nyinyi. Treni ikisimama nitashuka kumpokea. Pumzika, rafiki yangu. Mizigo yote ya mama yako mara hii nitaibeba mimi Mzaramo, na nitaibeba kichwani.

Mtani wako,
Tatu