Majani ya Mpapai kwa Nyama ya Baba

Mama mpendwa,

Mpapai wako nyuma ya jiko bado umesimama, na sasa ni mimi ninayeukwanyua majani. Najua huko uliko unanicheka.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakusumbua? Kila mbuzi aliyeingia humu ndani, hata wale wakongwe waliofungwa nyuma ya pikipiki kutoka Kabambare, ulimpondea tangawizi na vitunguu saumu, ukampaka ndimu, kisha ukaifunga nyama kwenye majani ya mpapai mpaka ikalegea yote. Kaka ndiye alikuwa bingwa wa kulalamika, kana kwamba umetupakulia majani ya muhogo yaliyopondwa: "Mama, hii iko nyama ao sombe?" Nawe, bila hata kumtazama: "Mimi njo napenda hivi. Mwenye hataki, aende akapike yake." Hakuna aliyekwenda kupika. Tulikula huku tukinung'unika, na Baba alimaliza sahani yake.

Idi hii ilikuwa ya kwanza bila wewe. Wifi alipika mbuzi kwa namna ya kwao, nyama ya kutafuna hasa, na sisi tukashangilia. Baba alichukua kipande, akakizungusha mdomoni muda mrefu, akasema, "Nimeshiba, wanangu." Nilipotoa sahani yake nikakikuta kipande kile chini ya wali, kizima, kimenyonywa tu.

Baba yetu, Mama! Yule anayejisifu sokoni kwamba ujanani alivunja mifupa kwa meno. Magego yamekwisha siku nyingi, na wewe ulijua. Hukutaka apikiwe peke yake kama mgonjwa, basi ukatulegezea nyama sote na lawama ukazibeba mwenyewe. Nilikaa jikoni nikalia, kisha nikakukasirikia kidogo. Si ungeninong'oneza?

Ijumaa iliyofuata nikapika mimi. Nilifunga nyama asubuhi, nikaiosha kuondoa uchungu wa majani, nikaiweka motoni kabla wanaume hawajatoka msikitini. Kaka alipoonja tu akaanza: "Ee! Sombe ya Mama imerudi!" Baba alikuwa ameinamia sahani yake, karibu tupu. Akaniangalia.

"We pia unapenda yenye kulegea?"

"Mimi njo napenda hivi, Baba."

Akasogeza sahani nimwongeze.

Pumzika, Mama. Lawama za nyama sasa ni zangu.

Binti yako mkubwa