Maji Yaliyong'aa

Sfax, 2 Machi

Mdogo wangu Neziha,

Hujambo, na binti yako Yosr hajambo? Sisi wazima, ila magoti ya Mama ni yaleyale. Anauliza mbona hupigi simu. Namwambia nyota wa televisheni hana nafasi.

Nilikuona wiki iliyopita. "Nilibuni kipimo hiki," ukasema. Ulibuni na nani? Nani alisema tutie protini ya kimulimuli kwenye mrija, ili jeni lenye kasoro lijitangaze kwa mwanga? Ukahamia Tunis na kila kitu, hata sifa zangu. Na yule mtangazaji eti "mama wa mwanga"! Nilizima, nikaenda kukata vitunguu.

Dada yako,
Zohra

Tunis, 19 Machi

Dada Zohra,

Salamu nyingi, nibusie Mama. Mimi mzima wa mwili tu.

Wivu uweke kando kidogo. Yosr na mchumba wake Skander walipimwa kwenye maabara yangu. Mirija yote miwili imewaka: wote wamebeba ugonjwa ule wa damu uliomuua mjomba Ferjani, na watoto wao wanaweza kuugua. Jana watu wa kwao Skander walikuja kuchukua pete ya uchumba. Mtoto hali chakula. Ananitazama kana kwamba nimeiwasha mimi.

Niambie neno lolote.

Mdogo wako,
Neziha

Sfax, 23 Machi

Neziha wee,

Mama anakusalimu, sijamwambia kitu.

Ile herufi A ya kujengea DNA mrijani, ulitumia ipi? Yenye salfa, au ya kawaida? Ya kawaida huiwasha protini yenyewe, kasoro iwepo isiwepo! Kwenye televisheni mrija wa maji matupu ulikuwa unang'aa nyuma ya bega lako. Maji yana jeni gani, bibi? Kazi yetu huanza kwa kutazama kama maji yako giza. Wewe ulitazama kamera. Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia. Nikasema mwache, atajikwaa mbele za watu.

Basi pima upya. Harusi ikirudi, baklawa napika mimi. Watu wa Tunis wataiharibu.

Dada yako,
Zohra

Tunis, 2 Aprili

Zohra,

Natumai nyote wazima.

Ya salfa ilituishia, nikatumia ya kawaida. Nimepima upya. Maji giza. Yosr amewaka, Skander giza. Watoto wao hawataugua. Pete imerudi, harusi ni Juni. Nimekwenda tena televisheni, nikakiri kosa langu na kulitaja jina lako mbele ya langu.

Yosr ameisoma barua yako. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama mkubwa aliyaona maji kabla hawajaja kuchukua pete?"

Nikamwambia kabla.

Mama tutamfuata kwa gari. Baklawa tumeagiza hapahapa Tunis.

Neziha