Vidonge vya Mama na Vikombe Vitatu vya Hamira

London

Mdogo wangu mpenzi Mwanajuma,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na Mama na wanao. Hali zenu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mgongo unanisumbua kwa kuwanyanyua wazee ninaowatunza kazini. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu.

Unasema Mama alikuwa akiwashwa mwili mzima, ukamwachisha vidonge vya presha, kuwashwa kukaisha. Sasa hataki hata kuviona. Mwanajuma, nimeogopa. Wiki hiyo hiyo, kwa maneno yako mwenyewe, ulimbadilishia sabuni, ukamkataza pweza, na ile losheni niliyomletea akaifungia kabatini aiweke kwa ajili ya Sikukuu. Basi umejuaje kama ni vidonge?

Usinune. Hata mimi nimefundishwa juzi tu, na mwanangu Salma. Skuli walimpa jaribio la vikombe vitatu vya unga, maji na hamira: kimoja juu ya hita, kimoja mezani, kimoja ndani ya friji. Kinachobadilishwa ni joto peke yake, na hicho wanakiita kigeu huru. Kinachopimwa ni unga umeumuka kiasi gani. Hicho kigeu tegemezi, kwa sababu kinafuata kile cha kwanza. Vilivyobaki, yaani kipimo cha unga, maji, hamira na muda, ni vya kudhibitiwa, havitakiwi kutofautiana hata chembe.

Mimi nikafungua friji, nikakikuta kile kikombe kimelala. Unanijua, unga usipoumuka jikoni kwangu naona aibu. Nikakiongezea hamira, nikatia na sukari, nikakihamishia karibu na jiko. Kikaumuka mpaka kikamwagika! Salma aliporudi alitaka kulia. Akanijia juu kwa Kiingereza chake: "Mama, umegusa vitu vitatu kwa pamoja! Sasa mwalimu nitamwambia kipi ndicho kilichoumua?"

Nikakaa pale jikoni nikaitoa tena barua yako.

Tafadhali, mpeleke Mama kwa daktari kesho, na umweleze yote manne, usifiche hata moja. Daktari akikubali, mrudishieni vidonge peke yake. Sabuni iwe hiyo hiyo mpya, pweza asile, losheni asipake. Kisha mtazame ngozi yake. Asipowashwa, vidonge havina kosa, na presha yake itatulia. Akiwashwa, rudini kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na Bi Mize jirani anayekaa na Mama ukiwa kazini. Salma anawasalimu pia, ingawa bado amenuna.

Na Mama mwambie mimi mwenyewe nimesema losheni itupwe. Namjua: atailaumu hospitali nzima kabla hajailaumu zawadi yangu.

Dada yako akupendaye,
Zuhura