Rumba Kwenye Kilio cha Katekista

Jumamosi

Leo nimeaibika, na siwezi kusingizia uzee.

Rumba zote zilizo kwenye flashi yangu nilizipakua mwenyewe, moja moja, miaka nenda rudi. Leo asubuhi nikaongeza nyimbo za Mungu kwenye flashi hiyo hiyo, nikaipeleka kwenye kilio cha jirani yetu, katekista. Mimi, mjuzi wa mashine, nikasahau kwamba nyimbo za Mungu zikiisha, rumba inafuata.

Ikafuata! Gitaa likalia katikati ya waombolezaji.

Mke wangu akaninong'oneza, "Papa Ilunga, leo tunahama mji huu wa Likasi."

Nikakimbilia spika. Marehemu alinikemea kila Jumapili: "Weye na ile miziki ya dunia!" Sasa nimemletea mpaka kwenye jeneza lake. Mjane atanisamehe vipi?

Akasimama. Nikajua nafukuzwa.

"Papa Ilunga, usizime. Bibi yako huyu alimupatiaka bwana yangu flashi yako, akakopiya yote. Kila asubui tulikuwa tunacheza mu kuisine, chai ikiwa ku moto."

Katekista! Yaani...

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima kubwa, na bega moja linacheza.