Mahali pa Kuketi Nairobi

Mama mpendwa,

Muga mono. Goti linaendeleaje? Na baba, bado anakohoa asubuhi, au ile dawa ya Nkubu ilimsaidia? Huku tuko, ila tumechoka. Mimi nasimama kutwa nikichambua mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa ng'ambo, na nikitoka miguu imevimba hadi viatu vinakataa. Mume wangu Njeru naye analinda ghala usiku. Akiingia, mimi natoka. Tunasalimiana mlangoni kama majirani.

Umeniandikia kwamba ukimaliza kuvuna maharagwe utakuja kumwona Kathure mdogo, halafu jioni hiyo hiyo urudi Kanyakine. Umeniuliza utaketi wapi ukingoja nitoke kazini, maana mchana Njeru huwa amelala nyumbani. Swali hilo lilinichosha kuliko mishiri. Lakini umeuliza, nami mji huu nimeujua kwa miguu.

Ukishuka kwenye gari pale stendi ya Tea Room, usisimame kutazama maghorofa. Shika kiondo mbele, utembee kama mtu aliyechelewa kanisani. Kijana akikuambia, "Mathe, leta nikubebee," usimjibu, hata kwa ule upole wako. Nenda bustani ya Jeevanjee. Benchi za karibu na lango ni za wahubiri, ukiketi hapo utaombewa mpaka saa nane. Tafuta za ndani, penye miti. Chai usinywe kwenye barabara kubwa, huko wanauza maji moto yenye rangi. Rudi River Road, uangalie hoteli yenye makanga wengi wa matatu. Hao wana haraka na hawadanganywi, githeri yao si ya jana. Mvua ikija, ingia kanisa kubwa la Kikatoliki. Hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Uhuru Park pia ni pazuri, kuna maji na mashua, ila wapiga picha wa pale watakushika mkono mpaka ucheke. Nikitoka kazini nitampitia mtoto kwa jirani, nije naye mlipo wewe na kiondo chako.

Nimeyasoma hayo niliyoandika, Mama, na nimeona aibu. Ni kama natafuta mahali pa kumficha mama yangu.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya mwisho, kabla huyu mtoto hajazaliwa? Ulifika na nduma, ukasikia mkweo yuko ndani, ukaketi nje kwenye mtungi wa plastiki karibu na mfereji wa maji. Jirani akakuuliza, "Mama, si uingie? Jua ni kali." Ukamwambia, "Niko sawa hapa, kuna upepo." Hakukuwa na upepo wowote. Ulinipa nduma mlangoni ukaondoka, nami nikalia nikiziosha.

Najua ni heshima. Mama hawezi kulala penye kitanda cha binti yake na mkwewe, na sisi tuna chumba kimoja, na siku ile kitanda ndicho kilikuwa cha kwanza kuonekana ukifungua mlango. Sikulaumu, mimi pia ndivyo nilivyolelewa. Lakini mama yake Njeru alitoka Karurumo akalala hapa wiki nzima, akamzoea yule mkubwa mwenye jina lake. Huyu wa pili ana jina lako, na hujawahi kumbeba. Sitaki umshike kidogo kwenye benchi kisha ukimbilie gari. Nataka umbebe mgongoni mpaka alale. Nataka nirudi kazini nikukute ndani. Nimechoka kuwa mkubwa kila siku.

Msalimie baba, na kaka Mutwiri, na shangazi yule anayeuza ndizi sokoni Nkubu. Mwambie mkungu alioutuma uliiva wote siku moja, wapangaji wa ploti nzima wakala.

Nilikuwa natia barua kwenye bahasha, Njeru akaamka. Akaniuliza, "Ushamwambia mama mambo ya kitanda?"

Nikamwambia sijui nianzie wapi.

"Mwambie tu vile iko. Na umwambie nimeongea na mwenzangu wa kazi. Siku zote atakazokaa hapa, mimi nitakuwa nalala kwake."

Basi iko hivi. Jumapili iliyopita alikifungua kile kitanda, mbao moja moja, akakihamisha chote kwa huyo mwenzake. Akapangusa sakafu yeye mwenyewe, na mimi nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi. Tangu siku hiyo sisi na watoto tunalala chini kwa godoro kuukuu, na kila asubuhi mgongo unaniuma. Palipokuwa na kitanda sasa kuna godoro jipya, liko bado ndani ya nailoni yake. Watoto nimewakataza hata kuliegemea.

Hakuna mtu amelilalia, Mama. Uje.

Binti yako,
Kagendo