Lengalenga Zilizobanana

Berea, Durban, Septemba

Mama yangu,

Huku baridi imeisha, mvua ya kwanza imenyesha. Mwenye nyumba amenipa kipande cha udongo nyuma ya gorofa, pale karibu na kamba za nguo. Nimeondoa majani makavu, nimelima, nimechanganya samadi. Watoto wazima.

Matembele yameshika. Mbegu za lengalenga, mchicha wetu wa nyumbani, ulizonitumia nimezimwaga zote pamoja, zimeota zimebanana kama nywele. Najua, ulinifundisha kuzichanganya na mchanga, kunyunyiza kidogo kidogo, kisha kung'oa zilizozidi. Jana mume wangu Barthélemy aliuliza mbona sizipunguzi. Eish, nilimjibu vibaya, mpaka nikamwomba msamaha.

Mama, tangu risasi zianze huko Uvira simu yako haiiti. Napiga kabla ya kumwagilia, napiga tena nikimaliza. Barua hii anaibeba Papa Doudou, jirani yetu hapa, anasafiri kwenda Bujumbura kwa biashara. Atakutafuta huko kwenye kambi za waliokimbia Uvira, atauliza na makanisani.

Nimezibananisha makusudi. Wewe hujawahi kunyamaza ukiona bustani imeharibiwa namna hii. Nigombeze, Mama.

Binti yako,
Huguette